Sungura na mtoto mwenye ulemavu wa viungo: jinsi ya kuanzisha vipindi

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Mama anauliza: mwanangu ana mtindio wa ubongo, vidole havifunguki, atamshikaje sungura? Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu anauliza: watoto wangu ni kumi na wanane, nianze na sungura wangapi? Mhudumu wa kituo cha kutwa anataka kujua kama sungura anaambukiza magonjwa. Na karibu kila mmoja anamalizia hivi: mtoto akiogopa je? Nimejibu kwa mdomo na kwa simu mpaka nimeona heri niyaandike yote yakae pamoja.

Naandika juu ya sungura kwa kuwa ndio ninaowatumia katika vipindi vyangu, ambamo mtoto mwenye ulemavu anamlisha mnyama, anamgusa na kumhudumia. Wanapatikana karibu kila mahali, hawapigi kelele, wanakula majani, na ukimweka juu ya meza anakuwa usawa wa uso wa mtoto aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu.

Kabla ya lolote, shika jambo hili. Mtoto asiyeweza kutembea au kutumia mikono yake huamshwa, huogeshwa, huvishwa, hulishwa, hubebwa, hunyooshwa viungo. Tangu alfajiri hadi usiku yeye ni wa kufanyiwa. Mbele ya sungura mwenye hamu ya majani, yeye ndiye mwenye majani. Hapo ndipo moyo wake unapoinuka, na ndiyo sababu ya kila hatua utakayosoma hapa. Ukiona kipindi chako kimegeuka kuwa watu wazima wanamfanyia mtoto jambo jingine tena, simama uanze upya.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa watoto wa Marekani, Boris Levinson, aliandika jinsi mbwa wake, Jingles, alivyomsaidia kumfikia mtoto aliyekuwa amejitenga na watu. Tangu hapo kazi hii imesambaa hospitalini na shuleni katika nchi nyingi.

Tiba au kipindi?

Kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo au wa tiba kazi (anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku) yupo, ameandika lengo la mtoto (tuseme, kunyoosha mkono wa kulia mbele mara tano), na sungura anatumika kulifikia lengo hilo, hiyo ni tiba. Kama hayupo, ni kipindi cha sungura. Vyote viwili vinamfaa mtoto, lakini usiite tiba kisicho tiba, na usimtoze mzazi fedha za tiba. Usimwambie kamwe kwamba sungura atamfanya mwanawe atembee. Mazoezi ya viungo yaendelee, na dawa za kifafa zisiachwe hata siku moja.

Unachohitaji

Watu wawili wazima kwa kila mtoto: mmoja wa sungura, mmoja wa mtoto. Mwenye sungura haondoi macho kwa sungura, mwenye mtoto haondoi macho kwa mtoto. Wengi hujaribu kufanya kazi zote mbili peke yao, na ajali nyingi nilizoona zilitokea hapo.

Sungura wawili au watatu majike, wenye umri wa zaidi ya miezi sita, wasio na mimba. Madume wakikomaa hurusha mkojo na hupigana. Usinunue watoto wa sungura kwa kuwa wanapendeza: ni wepesi kushtuka, wanarukaruka, na mifupa yao ni dhaifu. Mbegu kubwa zilizotulia, kama New Zealand nyeupe au Kalifonia, zinafaa kuliko vile vidogo vyenye papara. Kwa kuchagua, kaa kando ya banda kwa nusu saa. Anayekuja mwenyewe kukunusa vidole ndiye wako. Anayejificha kila unapojongea mwache, hata kama manyoya yake ni mazuri namna gani.

Banda lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye kivuli na hewa. Sungura huvumilia baridi kuliko joto; joto likipita nyuzi 30 anaweza kufa. Siafu nao humaliza banda zima kwa usiku mmoja, kwa hiyo simamisha miguu ya banda ndani ya makopo yenye maji, na uyakague kila jioni.

Vifaa vidogo: meza fupi au trei ya kiti cha magurudumu, taulo zito la kutandika ili sungura asiteleze, kanga ya zamani ya kufunika mapaja ya mtoto, kikapu cha kumbebea sungura, brashi laini, ndoo yenye koki, sabuni, na daftari.

Majibu ya mzazi. Kaa naye, uliza, andika:

- Ana pumu au mzio wa manyoya?
- Ana kifafa? Cha mwisho kilimpata lini? Anameza dawa gani?
- Kuna sehemu ya mwili yenye ganzi?
- Mifupa yake huvunjika kirahisi?
- Ana kidonda kibichi, mrija wa kulishia, au anatumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili? Hapa usiendelee mpaka daktari wake aseme.
- Hupeleka mikono mdomoni mara kwa mara?
- Nyumbani mnaonaje habari ya kushika sungura? Wasabato, kwa mfano, hawali sungura. Wengi hawana tatizo na kumgusa, ila ni heshima kuuliza kuliko kudhani.

Hatua za kufuata

1. Mwite daktari wa mifugo. Mwambie wazi kwamba sungura hawa watashikwa na watoto. Akague ngozi na masikio (ukurutu na mapunye huhamia kwa binadamu), kinyesi, meno na kucha. Kucha zikatwe. Dawa ya minyoo na ya ukurutu atoe yeye; usikisie kipimo kwa kuangalia cha mbuzi.

2. Mzoeshe sungura kabla ya kumwonyesha mtoto. Mpe wiki tatu. Kila siku mkalishe juu ya taulo kwa dakika kumi huku ukimpapasa kati ya masikio na mabegani. Kisha mletee dunia atakayoishi nayo: sukuma kiti cha magurudumu karibu naye, angusha gongo sakafuni mbali kidogo, cheza sauti ya mtoto anayelia kwenye simu. Akiendelea kutafuna majani, yuko tayari. Akiganda au akipiga mguu wa nyuma chini, bado.

Jifunze kumbeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine umekalisha makalio yake, ubavu wake kwenye mwili wako. Usimwinue kwa masikio. Miguu ya nyuma ikining'inia atapiga mateke, na teke lake mwenyewe linaweza kumvunja uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo watoto hawambebi sungura kabisa. Wanakaa, na sungura analetwa.

3. Mkalishe mtoto sawasawa. Hatua hii hurukwa, na ikirukwa yote yanayofuata huharibika. Mtoto anayepambana asianguke hana nafasi moyoni ya kufurahia sungura. Makalio yagote nyuma ya kiti, nyayo zikanyage kitu (tofali lililofungwa kitambaa linatosha), viwiko vipumzike juu ya meza. Kama kichwa hakijakaza, mtu wake akae nyuma amshikilie. Mtoto asiyeweza kukaa alazwe ubavu juu ya mkeka, na sungura awekwe mbele ya uso wake, umbali wa mkono.

Mwenye mifupa inayovunjika kirahisi asiwekewe sungura mapajani. Mezani tu. Mwenye mgongo wazi (aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga) mara nyingi hana hisia kamili miguuni, hivyo funika mapaja yake kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Mtoto huyu pia asipewe glavu za mpira wala maputo katika kipindi, maana wengi wenye mgongo wazi hudhuriwa na mpira.

4. Siku ya kwanza, kutazama tu. Sungura akae kikapuni, mita mbili hivi, akila. Mwambie mtoto: “Huyu ni mgeni wetu. Hatumgusi leo, tunamwangalia anavyokula.” Ukimzuia kidogo, hamu humjia yenyewe. Kabla hujamsogeza karibu, muulize. Asiyesema ana njia yake ya kujibu: kupepesa jicho, kugeuza kichwa, sauti fulani. Mama anaijua njia hiyo, muulize yeye. Jibu likiwa hapana, ni hapana. Huenda ikawa hapana ya kwanza kusikilizwa tangu wiki ianze, kwa hiyo iheshimu mbele ya kila mtu.

5. Mpe majani marefu. Kipindi cha pili, mpe jani lenye shina refu ili mkono wake uwe mbali na meno. Tumia nyasi ndefu, majani ya karoti au ya viazi vitamu. Usitumie majani ya nyanya wala ya viazi mviringo, na usimpe sungura mkate wala ugali. Kama vidole havishiki, lifunge shina kwenye kiganja kwa kitambaa laini kilicholegea. Mtoto ahisi mvuto sungura anapovuta. Mvuto ule mdogo, yaani kiumbe kingine kinachukua chakula kutoka kwangu mimi, ndio uliowafanya watoto kadhaa mbele yangu wacheke kwa sauti ambayo mama zao walikuwa hawajaisikia kwa siku nyingi.

6. Kumgusa. Mgongoni, kuelekea manyoya yanakolala. Si usoni, si tumboni, si mkiani. Mkono uliofumba usiulazimishe. Usivute vidole kimoja kimoja, unazidi kuukaza. Sugua taratibu nyuma ya kiganja, subiri, halafu uache mgongo wa mkono ndio umguse sungura. Manyoya yanahisika vizuri hata kwa upande huo. Mara nyingi joto na ulaini hufanya kazi ambayo nguvu ingeshindwa, na vidole huachia vyenyewe.

*Tahadhari:* mtoto mwenye misuli inayokaza anaweza kufumba mkono ghafla akiwa ameshika manyoya. Si ukorofi, mwili umemkimbia. Usimvute sungura wala usimkemee mtoto. Kunja kifundo cha mkono wake polepole, kiganja kielekee ndani upande wa mkono wa chini, na vidole vitalegea. Jizoeze jambo hili na mtaalamu wa viungo kabla ya siku yenyewe.

7. Mpe kazi yake. Kuanzia kipindi cha tatu au cha nne, mtoto awe na wajibu ambao asipoufanya utaonekana. Mmoja anachagua majani ya leo kwa kuangalia kati ya mafungu mawili. Mwingine anachana manyoya kwa brashi ambayo mpini wake umeneneshwa kwa kitambaa ili ushikike. Mwingine anasoma mizani sungura anapopimwa uzito, au anamwonyesha namba anayeandika daftari. Mwenye magongo anaweza kubeba mfuko wa majani begani kutoka bustanini hadi bandani, na hatua hizo ni mazoezi ambayo hakuna aliyembembeleza ayafanye. Jina la sungura watoe watoto wenyewe. Nimekuwa na Shekhe, Kashata, na mmoja aliyeitwa Bodaboda kwa mwaka mzima.

Kazi iwe ya kweli. Kama ni kumnywesha maji, basi maji asinyweshwe na mtu mwingine asubuhi hiyo. Watoto wanajua upesi wakipewa kazi ya kuwaridhisha.

8. Funga kwa wakati. Dakika kumi na tano kwa mtoto zinatosha. Sungura mmoja asipite watoto wanne kwa siku, na kati ya mtoto na mtoto apumzike kikapuni. Kipindi kiwe siku ile ile, saa ile ile, kila wiki. Maliza kwa maneno yale yale ya kuaga, ili mtoto ajue kwaheri hii ina kurudi ndani yake.

Kisha mnawishe mtoto mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kitu chochote kwenda mdomoni. Anayenyonya vidole ananawishwa palepale mezani. Mwenye ganzi miguuni, funua kanga ukague mapaja na miguu: mkwaruzo asiousikia unaweza kugeuka kidonda cha wiki nyingi.

9. Andika mistari mitatu. Alikujaje? Alifanya nini yeye mwenyewe? Aliondokaje? Usiandike “alifurahi”. Andika “alinyoosha mkono mara mbili bila kuambiwa”, “alilala vizuri, mama kasema”. Baada ya wiki nane daftari hili ndilo litakalokuambia kama kuna kitu kinatokea, au ni wewe tu unayependa sungura.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kumnyima mtoto sungura kwa sababu amekataa mazoezi. Usifanye hivyo. Kipindi kikigeuka fimbo, kimekufa.

Kuwapanga watoto ishirini wamshike kwa zamu mgeni mwenye kamera akiwa mlangoni. Mtoto anageuka pambo na sungura anateseka. Picha zipigwe kwa ridhaa ya mzazi na ya mtoto, kwa siku nyingine, kwa utaratibu mwingine.

Kutosoma dalili za sungura. Masikio yamelala nyuma yamebana, macho yametoka weupe, anapumua mbiombio, amejikunja kama jiwe, anapiga mguu chini: anaomba kuondoka. Mwondoe. Aliyenyoosha miguu nyuma au anayejiosha uso mbele ya mtoto yuko salama moyoni. Wafundishe watoto dalili hizi. Mtoto anayesema “amechoka, mrudisheni” amejifunza kumsoma mwingine, na wengi wao wanajua vizuri mno maana ya kushikwashikwa bila kuulizwa.

La mwisho ni gumu, na kwetu halikwepeki: sungura ni kitoweo. Kama kituo kinafuga kwa nyama pia, mabanda yatengane, na wa vipindi wasichinjwe, iwe Krismasi au Idi. Mtoto aliyempa mnyama jina akaambiwa amekwenda sufuriani hatakuamini tena, na ana haki.

Wanyama wengine kwa ufupi

Simbilisi wanafaa karibu sawa na sungura na ni wapole zaidi, hasa kwa mikono midogo. Paka ni mzuri kama ni wa nyumbani na amechanjwa, lakini anaamua mwenyewe saa ya kuja. Mbwa anahitaji mafunzo, chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na wakati, na familia iliyoridhia. Kwa Waislamu wengi wa pwani mate yake ni najisi, hivyo usimlete kabla ya kuzungumza nao. Mbwa wa mtaani, hapana. Punda wana historia ndefu katika kazi hii: Elisabeth Svendsen wa Uingereza, ambaye shirika lake lilifungua kituo cha punda Lamu mwaka 1987, alianzisha pia kwao mpango wa kuwapandisha punda watoto wenye ulemavu. Ila kumpandisha mtoto juu ya mnyama bila mtaalamu wa viungo kando yake si jambo la kujaribu.

Likitokea tatizo

*Mtoto anaogopa, analia.* Rudisha umbali. Mita mbili, tatu, hata dirishani. Mwache aangalie mtoto mwingine akilisha. Nilikuwa na msichana wa miaka tisa aliyetazama kwa vipindi sita bila kusogea. Cha saba alisukuma kiti chake mwenyewe. Kama ningemharakisha cha pili, kile cha saba kisingekuwepo.

*Amekwaruzwa.* Osha kwa sabuni na maji mengi, funika, mwambie mzazi siku hiyo hiyo, na uulize chanjo ya pepopunda. Akiumwa na mbwa au paka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kuona mnyama ataonekanaje. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

*Kifafa kimemshika mezani.* Mtu wa sungura anaondoa sungura, hiyo tu ndiyo kazi yake. Mtu wa mtoto anamlaza ubavu, anaondoa vitu vigumu, hatii chochote mdomoni, anaangalia saa. Kikipita dakika tano, hospitali.

*Mabaka ya duara kwenye ngozi au kichwani.* Huenda ni mapunye. Mtoto aende zahanati, sungura akaguliwe, vipindi visimame kwa wote mpaka upate jibu.

*Analia kipindi kinapokwisha.* Mwonye dakika tatu kabla, kisha mpe kitu cha kubaki nacho, kama jani la kukausha kwa ajili ya wiki ijayo.

*Wiki nane zimepita na daftari halina jipya.* Badilisha kazi, badilisha saa, au badilisha mnyama. Kama bado, kubali kwamba mtoto huyu hapendi wanyama. Mtafutie ngoma, bustani, rangi.

*Sungura amekufa.* Itatokea, hata ukitunza vizuri. Usilete mwingine wa rangi ile ile ukajifanya hakuna kilichotokea, na usiseme amelala wala amesafiri. Watoto hawa wanalazwa hospitali na wanasafiri, wataogopa vyote viwili. Sema amekufa, sema kama unajua sababu. Anayetaka kumwona mwonyeshe akiwa amefunikwa kitambaa, bila kumgusa. Chimbeni shimo pamoja, mwenye mkono wa kushika udongo atie udongo, mwenye sauti aseme lake. Banda libaki tupu wiki moja au mbili, kisha waulize kama wako tayari kwa mwingine, na jina walitoe wao.